Rakaa ya Tatu, au ya Nne

Mfumaji alikuwa na hakika kwamba baba yake, imamu wa msikiti, ametoa salamu katika rakaa ya tatu. Hakika hiyo ilidumu kwa muda wa kugeuza shingo kulia. Alipogeuza kushoto ilikuwa imeanza kulegea, na alipoinua macho kutoka kwenye zulia hakujua tena kama aliyepotea ni yeye au ni msikiti mzima.

Ilikuwa adhuhuri ya siku ya kazi. Chumba cha wanawake kilikuwa ghorofani, chenye zulia la kijani lililochorwa mistari ya kupangia safu, feni iliyolalamika kila ilipofika kona moja, na spika ndogo iliyofungwa ukutani kwa waya, ikipokea sauti ya maiki iliyobanwa kwenye kola ya imamu. Mbele kulikuwa na ubao wenye vitundu, na aliyesimama karibu nao aliweza kuwaona wanaume kule chini, visogo na migongo. Adhuhuri husaliwa kimya. Imamu husoma moyoni, na kinachopanda ghorofani ni "Allahu akbar" zake tu, zikiwaambia watu wainame, wainuke, wasujudu au waketi.

Rakaa mbili, kikao cha katikati, rakaa mbili nyingine, kikao cha mwisho, salamu. Hata mtoto wa madrasa anajua hivyo. Lakini leo, baada ya kile kikao cha katikati, mfumaji alikuwa amesimama mara moja tu.

Alichungulia kwenye vitundu. Baba yake alikuwa ameketi mbele ya watu, mgongo umenyooka, anavuta tasbihi hana hili wala lile. Hakuna mwanamume aliyekuwa amesema "Subhanallah," neno linalotamkwa na walio nyuma imamu anapokosea. Wala kule juu hakuna aliyepiga kofi. Wanawake wao hawasemi. Hupiga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, na imamu anajua kuna jambo. Tangu azaliwe mfumaji hajawahi kulisikia kofi hilo katika msikiti huu. Baba yake hakuwa mtu wa kukosea.

"Shangazi," alimnong'oneza dada wa baba yake, aliyekuwa akisali juu ya kiti kwa sababu ya kiuno. "Tumesali ngapi?"

"Adhuhuri ni nne, mwanangu. Unauliza kama mtu aliyesilimu jana."

"Najua ni nne. Nauliza sisi tumesali ngapi."

Shangazi alifikiri. "Nimesali alizosali imamu."

Mfumaji akamgeukia muuguzi, ambaye huja kila adhuhuri na sare zake za hospitali. "Na wewe?"

"Mimi naona kama nne," alisema muuguzi akikunja mkeka wake. "Ila nilikuwa namuwaza mgonjwa wa kitanda cha dirishani, kwa hiyo usinifanye shahidi."

Kule chini, kijana mmoja mwenye mkoba alisimama peke yake akaanza kusali upya. Watu walimpita wakidhani amechelewa. Mmoja alimsogezea mkoba wake pembeni, kwa wema tu, asije akasujudu juu yake.

*

Hesabu ilikuwa kazi ya mfumaji. Alikuwa na chumba kimoja mtaa wa nyuma ya msikiti, na mashine ya kufumia masweta ya shule. Kaunta ya mashine ile ilikuwa imekufa zamani, na fundi aliyekuja kuitazama alisema ni nafuu kununua mashine nyingine. Hakununua. Alijifunza kuhesabu mistari kichwani huku akiongea na wateja, akipokea simu, hata akigombana na muuza nyuzi. Watu walimtania kwamba ukimkatiza na salamu atakujibu "marahaba, mia na kumi na mbili." Masweta yake hayakuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Siku hiyo, aliporudi kazini, jambo la kwanza alitandika mkeka nyuma ya mashine akasali adhuhuri upya, nne kamili, akizihesabu kwa midomo. Kisha akakaa kufuma mkono wa sweta. Alipoutoa na kuulinganisha na mwenzake, ulikuwa mfupi. Akaufumua wote. Akafuma tena. Safari hii ukazidi.

Aliushika mkono ule mapajani akautazama. Kama anakosea huku, nani aliyesema hakukosea kule?

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba baba yake nyumbani hakuwa na tatizo lolote. Waliishi wawili tu tangu mama afariki. Maalim, kama watu wote walivyomwita, alikuwa akijua mahali kilipo kila kitu. Juzi tu alimwambia kwamba sindano ya mashine aliyoitafuta mpaka akakata tamaa iko ndani ya kopo la vifungo, na kweli ilikuwemo. Mfumaji akisoma Kurani akateleza kwenye herufi moja, baba humsahihisha kutoka chumba cha pili. Mtu wa namna hiyo anapoteza vipi rakaa nzima?

Jioni, jua likianza kupoa, mwenyekiti wa kamati ya msikiti alisimama mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye duka la saruji na misumari, na alikuwa akiyatazama masweta yaliyoning'inia kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nimekuja kuulizia sweta la mjukuu."

"Mjukuu wako ana masweta mawili, na la tatu hujaja kulichukua."

"Basi nimekuja kuulizia Maalim," alisema mwenyekiti, akaketi kwenye kigoda.

Alieleza taratibu. Yule kijana wa mkoba alimfuata dukani. Anasema leo wamesali tatu. Anasema pia si mara ya kwanza kumwona Maalim akisitasita baada ya sijda, kama mtu anayesikiliza kitu.

"Wewe ulikuwa safu ya mbele," mfumaji alisema. "Ulihesabu ngapi?"

Mwenyekiti alikohoa. "Mimi asubuhi nilipokea mzigo. Mwili ulikuwa msikitini."

"Na roho?"

"Roho ilikuwa inashusha mifuko ya saruji."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Nimewauliza safu nzima," aliendelea mwenyekiti. "Huyu nne, yule hajui, mwingine ananiuliza mimi. Kila mtu amemwachia imamu ahesabu. Sasa kamati inakaa Ijumaa, na nitaulizwa. Mimi siwezi kusema sijui. Wewe upo kila adhuhuri, na mtaa mzima unaijua hesabu yako. Ukiniambia nne, nitamwambia yule kijana atulize moyo. Ukiniambia tatu, tutamwomba baba yako apumzike. Kwa heshima zote, binti. Hakuna wa kumvunjia heshima."

Mfumaji aliuangalia ule mkono wa sweta uliozidi. Akisema nne, huenda anadanganya juu ya sala ya watu, na sala si sweta, haifumuliwi. Akisema tatu, anamtoa baba yake kwenye kibla kwa ulimi wake mwenyewe, tena kwa hesabu ambayo tangu mchana inamcheza shere.

"Nipe mpaka kesho, mzee," alisema.

*

Asubuhi baba alikuwa akipiga pasi kanzu yake. Hakuwahi kumwachia mtu kazi hiyo. Alikuwa anaanza na mikono, anamalizia na kola, na akiitundika inaonekana kama imo mtu ndani.

Mfumaji aliweka chai mezani. Usiku kucha alikuwa amepanga namna ya kuingia kwenye mazungumzo kwa upole, kwa kuzunguka. Mdomo ulipofunguka haukuzunguka.

"Baba, jana adhuhuri tulisali ngapi?"

Pasi iliendelea kwenda na kurudi. "Nani anauliza?"

"Mwenyekiti."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Maalim aliisimamisha pasi. Alivuta kiti akakaa, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijui tulisali ngapi."

Mfumaji alitarajia akatae, au akasirike. Akakaa naye.

"Alfajiri, magharibi na isha nasoma kwa sauti," alieleza baba. "Sauti inanishika mkono. Nikiisikia sura hii najua niko rakaa ya kwanza, nikiisikia ile najua niko ya pili. Adhuhuri na alasiri ni kimya mwanzo hadi mwisho. Zamani ule ukimya ulikuwa na milango, natoka huku naingia kule. Siku hizi ni ukuta mmoja mrefu. Nainuka kwenye sijda, naangalia huku, naangalia kule, ukuta."

"Na unafanyaje?"

Hapo baba aliona haya. Alijikuna ndevu. "Namsikiliza Dakika."

Dakika alikuwa kinyozi, na ndiye muadhini wa msikiti. Jina hilo alilipata kwa sababu wakati wa adhana humwambia mteja "dakika moja tu," akamwacha kwenye kiti na nusu ya ndevu. Alisimama nyuma kabisa ya imamu, na akili yake nusu ilikuwa kwa yule mteja, kwa hiyo kila mara alianza kuinuka kabla ya kuambiwa. Na magoti yake, kwa kusimama kutwa kucha, yalilia kama vijiti vikavu.

"Nikimaliza sijda natulia kidogo," alisema Maalim. "Magoti ya Dakika yakilia, najua bado tuna rakaa. Yakinyamaza, najua tumefika."

Mfumaji alimtazama. "Kwa hiyo anayetusalisha adhuhuri ni magoti ya Dakika."

"Usiyadharau. Ni magoti makini sana."

Alisema hivyo kwa dhati kabisa, na ndiyo maana mfumaji alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaegemea meza, na baba naye akacheka, mabega yakitikisika. Kicheko cha baba ndicho kilichokatika kwanza.

"Jana Dakika hakuwepo," alisema. "Alikwenda kumwangalia mgonjwa."

Mfumaji alijaribu kulipanga jambo hilo kichwani. Watu wanamfuata imamu. Imamu anamfuata Dakika. Dakika naye anamfuata imamu, kwa sababu ni maamuma, anayesalishwa kama wengine. Kila alipovuta uzi mmoja mwingine ulikaza. Mbele hasa alikuwa nani?

"Baba, mwenyekiti anataka neno langu. Nikisema tatu watakuondoa."

"Najua."

"Nikisema nne?"

"Utakuwa umesema usichokijua." Aliinuka, akaishika kanzu kwa ncha za vidole akaitazama kwenye mwanga. "Nimesimama pale tangu hujaota meno. Nimewasalia jeneza pale rafiki zangu, nimewaozesha watoto wao. Mama yako nilimsalia pale. Nikitoka pale mimi ni..." Hakumalizia. Aliitundika kanzu. "Nipe leo. Leo sitasikiliza goti la mtu. Nitahesabu mwenyewe, mbele ya Mungu wangu. Nikikosea, piga kofi."

"Mimi?"

"Kofi ni haki yenu. Limewekwa kwa ajili hiyo."

"Watu wote watajua ni mimi, baba. Mwenyekiti atakuwa amepata jibu lake hapohapo."

"Watajua kuna mtu yuko macho. Na usipopiga, basi utakwenda umwambie nne kwa moyo mweupe, na mimi nitaishika kazi yangu."

*

Adhuhuri ilipofika mfumaji alisimama karibu kabisa na ubao wa vitundu. Alijua wakati wa sala macho yanapaswa kuwa mahali pa kusujudia, lakini alijiambia Mungu ataelewa. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, muuguzi kulia kwake. Kule chini Dakika alikuwa amerudi, anaivuta saa yake kwenye mkono wa shati. Mwenyekiti alikuwa amesimama wima kama askari, uso wa mtu aliyeamua leo ahesabu.

Sala ikaanza.

Mfumaji alikuwa amepanga kuhesabu kwa vidole. Rakaa ya kwanza, akabana kidole kidogo kwa gumba. Rakaa ya pili, kidole cha pete. Wakakaa kikao cha katikati. Wakainuka. Akahamisha gumba kwenye kidole cha kati, na papo hapo wasiwasi ukamwingia: kidole hiki amekibana kwa rakaa iliyokwisha au kwa hii inayoanza? Alijirudisha nyuma. Tumekaa. Tumesimama. Hii ni ya tatu. Ndiyo, ya tatu. Wakainama, wakainuka, wakasujudu, wakasujudu tena.

"Allahu akbar," ilisema spika, na nyuma ya neno hilo ikabeba mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Mfumaji alikuwa ameusikia mlio huo kwa miezi akidhani ni ubovu wa waya. Alichungulia. Dakika alikuwa nusu juu, mkono mmoja sakafuni. Kisha akamwona imamu ameketi, akashuka tena taratibu, akaketi naye.

Msikiti mzima ukaketi.

Mfumaji alibaki ametoa macho. Ya tatu, alijiambia. Lakini ule mgongo wa baba yake haukuwa na dalili yoyote ya mtu aliyepotea. Haukusita, haukusikiliza kitu. Ulikaa kama ulivyokaa miaka yote, na kidole chake cha shahada kilikuwa tayari kinanyooka juu ya goti. Mtu aliyetulia hivyo anajua alipo. Basi ni mimi, alifikiri. Nimeruka moja. Jana mikono ya sweta imenishinda, leo nataka kumsahihisha imamu? Akarudi nyuma tena: tumekaa, tumesimama. Mara moja au mara mbili? Tumekaa, tumesimama, kidole cha kati. Kila alipolipitia jambo lilikuwa jembamba zaidi, kama kitambaa kinachofuliwa mno. Na akinyamaza, mambo yote yatakaa sawa. Ataulizwa, atasema nne, baba ataipiga pasi kanzu yake kesho.

Kimya kile kingekatika muda wowote kwa salamu.

Mkono wake wa kulia uliinuka ukaupiga wa kushoto.

Hakukusudia upige kwa nguvu vile. Sauti iligonga dari, ikashuka chini kwa wanaume. Kisha msikiti ukagawanyika. Nusu ya safu ya kwanza iliinuka. Nusu ilibaki imeketi. Aliyeinuka akamwona jirani yake ameketi, akachuchumaa; aliyechuchumaa akamvutia mwingine juu. Mtu mmoja alisema "Subhanallah." Mwingine, upande wa pili, naye akasema "Subhanallah," lakini kwa sauti ya kumpinga wa kwanza, na neno lenyewe halisemi simama wala halisemi kaa. Kule juu muuguzi alisimama, akaketi, akasimama. Shangazi, ambaye siku zote husali kwenye kiti, ndiye pekee aliyebaki alivyokuwa.

Imamu hakutikisika.

Kisha aliinuka, polepole, bila kutoa takbira, ile "Allahu akbar" ya kuwaongoza watu. Alisimama mbele ya kibla na watu wakangoja. Hakugeuka. Alinyoosha mkono wake wa kulia nyuma, kiganja wazi, ukapapasa hewani mpaka ukakutana na mkono wa shati la Dakika, ukaushika, ukauvuta.

Mfumaji alilijua jambo hilo. Baba mwenyewe alimfundisha madrasani: imamu akishindwa kuendelea anaruhusiwa kumvuta aliye nyuma yake, aikamilishe sala ya watu. Alilikariri kama mtu anavyokariri mambo ambayo hatayaona. Sasa alimwona Dakika akisogea mbele kama mtu anayesukumwa kwenye maji baridi, na baba yake akirudi kinyumenyume mpaka kwenye pengo lililoachwa, akajipanga kwenye safu.

Maiki ilibaki kwenye kola ya Maalim. Kwa hiyo rakaa ile ya mwisho wanawake hawakumsikia imamu wao mpya vizuri, alikuwa sauti ya mbali yenye kutetemeka. Waliyemsikia kwenye spika alikuwa mzee mmoja katikati ya watu, anahema, anainama baada ya wengine, anajibu. Mfumaji alisali na machozi yakimtiririka bila kujua analia nini.

Dakika aliwafikisha kwenye kikao cha mwisho. Kabla ya salamu akasujudu mara mbili, zile sijda mbili alizowekewa mtu aliyesahau, au anayedhani amesahau. Kisha akatoa salamu, kulia na kushoto.

*

"Nani kapiga lile kofi?" aliuliza shangazi.

"Mimi."

"Kwa nguvu zote hizo? Nilidhani bomba limepasuka."

Kule chini watu walikuwa wameshajikusanya mafungu mafungu.

"Tumesali tano," mmoja alikuwa akisema. "Nne zilikuwa zimetimia."

"Nne kamili," alijibu kijana wa mkoba. "Bila lile kofi ingekuwa tatu kama jana."

"Muulizeni Dakika. Dakika, wewe ulianza kuinuka, nilikuona. Ulijua ni ya tatu."

Dakika alikuwa akijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Mimi sikujua kitu. Mimi huwa nainuka tu. Magoti yakikaa sana yananikwama."

"Hujawahi kuhesabu?"

"Nihesabu nini, na imamu yupo?"

Mfumaji aliyasikia hayo kupitia vitundu, akashika ubao kwa mikono miwili. Basi yale magoti makini hayakuwa yakijua chochote. Miezi yote ile, walifika vipi?

"Mwenyekiti," aliita mwingine, "leo ulisema utahesabu."

"Nilihesabu," alisema mwenyekiti kwa unyonge. "Nilifika mbili. Kisha nikaanza kumtazama Maalim kama na yeye anahesabu."

Maalim aliinuka katikati yao na makelele yakapungua. Aliifungua maiki kwenye kola yake, na kwa sababu ilikuwa bado inawaka, maneno yake yalipanda ghorofani kama siku zote.

"Mwenye shaka, zile sijda mbili zinamtosha," alisema. "Ya jana nawaombeni muirudie, na mimi nitairudia. Na kuanzia alasiri msinitazame mimi." Mlio wa kitambaa ukasikika, akimfungia Dakika maiki kwenye shati.

Mwenyekiti alitazama juu, kwenye ubao wa vitundu, akainamisha kichwa kidogo. Hakuwa na swali tena.

*

Baba alikuwa akimngoja mfumaji chini ya ngazi za wanawake. Watu waliotoka walimsalimia, "Maalim," "Maalim," na kila mmoja alipunguza mwendo kidogo kisha akaona bora apite. Mfumaji alishuka akiwa ameshika viatu mkononi. Hakujua aanze na samahani au na shikamoo.

Baba ndiye aliyeanza. "Ilikuwa ya tatu?"

"Ya tatu."

"Una hakika?"

"Nina..." Alisita. "Nilikuwa nayo nilipopiga."

Maalim aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu zuri kuliko alilouliza.

"Niliyasikia magoti," alisema. "Nikasema moyoni, leo magoti yamekosea. Miezi yote hii nilikuwa na shaka, mwanangu, na ile shaka ilinifanya niende kama mtu aliyebeba mayai. Leo sikuwa nayo hata chembe. Nilijua ni ya nne kama ninavyokujua wewe."

"Huenda ilikuwa ya nne kweli, baba. Huenda ni mimi niliyepotea. Mimi jana nimeharibu mikono ya masweta—"

"Huenda."

"Basi umeacha bure, kwa ajili ya kofi langu."

"Sikuacha kwa ajili ya kofi." Alishusha sauti, kwa sababu mtu alikuwa akivaa viatu karibu yao. "Lilipolia, nilikasirika. Niko mbele ya Mungu, nakasirika, nasema nani huyu. Nilikutuma mwenyewe asubuhi, na nikakasirika. Hapo ndipo niliponyoosha mkono."

Mfumaji aliviweka viatu chini. Akamnyooshea kola ya kanzu, iliyojikunja pale maiki ilipofunguliwa.

"Watu watataka bado uwasomee magharibi," alisema. "Kwa sauti hutelezi. Mwenyekiti hatakubali ukae kabisa."

"Tutaona. Sijui." Maalim aliutazama ukumbi uliokuwa umebaki mtupu, mistari ya zulia ikienda kutoka ukuta hadi ukuta. "Kuna jambo moja linanisumbua. Alasiri nitasimama wapi?"

"Popote. Safu yoyote."

"Si hivyo. Miaka yote nimekuwa na nafasi kulia na kushoto. Leo nilipoingia pale katikati, huyu ana bega, yule ana bega. Nilijikunja kama mwavuli. Mtu anayaweka wapi mabega yake?"

Mfumaji alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kwa uso uleule wa dhati, na alikuwa anangoja ajibiwe.

"Hutahitaji kuyaweka, baba," alisema. "Watakubana tu."